Siku moja Bagamoyo: programu nzuri yenye inakata barabara katikati

Bandugu wasomi, kama ulishapitaka Dar es Salaam juu ya biashara, masomo ao kungojea kontena, lazima mtu alikuambia: "Ukibaki na siku moja ya bure, enda Bagamoyo." Ni shauri nzuri. Mji uko kilomita karibu 70 kaskazini mwa Dar, njia ni ya lami, basi zinaenda tangu asubuhi, na jioni unarudi kulala kwako. Mimi nilienda mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata programu yenye kila mtu anafuata. Mara ya pili nilienda bila gidi, na kaye kidogo mkononi. Leo napenda tuchambue ile programu sawa vile tunachambuaka kitabu: inasema nini, inapanga mambo namna gani, na nini inaacha inje. Juu programu ya siku moja nayo ni andiko. Mwenye kuipanga anachagua nani atakuwa mkubwa wa hadithi, na nani atabeba mizigo bila jina.

Mimi ni mtu wa agronomi, siyo mwanahistoria. Lakini niko Mukongomani mwenye kusema Kiswahili, na hii lugha haikuanguka toka mbinguni kuja kwetu. Ilipandaka na miguu, toka ile pwani. Njo maana Bagamoyo haiwezi kuwa kwangu fasi ya kupiga picha tu.

Programu yenyewe, karibu wote wanaifuata hivi. Asubuhi, magofu ya Kaole. Kisha, misioni ya Kikatoliki na makumbusho yake. Saa sita, samaki wa kukaanga. Kisha chakula, Mji Mkongwe: Ngome Kongwe, Caravanserai, Boma ya Wajerumani, makaburi ya Wajerumani. Mwisho, dakika makumi tatu kwenye ufuko, picha na majahazi, basi, Dar. Fasi saba ao nane mu masaa sita. Tuangalie moja kwa moja.

Kaole inastahili sifa. Iko kilomita karibu tano kusini mwa mji, na njo sehemu ya zamani kuliko zote: msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe, na vyombo vya China vyenye vilipatikana mule. Kwa mtu wa kwetu mwenye alisomeshwa kwamba ustaarabu ulifika na meli ya mzungu, Kaole inatosha kumfunga kinywa. Hapa watu walikuwa wanafanya biashara na ng'ambo ya bahari miaka mia mbili mbele ya Diogo Cão kufika kwenye mdomo wa Mto Kongo. Na kuko kitu kingine chenye gidi anasema haraka-haraka na kupita: mikoko. Wanaeleza kwamba mikoko ilijaa mbele ya Kaole, matope yakajaa, vyombo havikuweza tena kukaribia, watu wakahamia. Mimi hapo nilisimama mingi. Mizizi ya mikoko inashika matope, matope yanazaa mikoko mingine, na kila kizazi inchi kavu inasogea kidogo. Bandari inaweza kufa bila vita. Gidi yeye alikuwa na haraka ya kutuonyesha mbuyu wenye ukiuzunguka unaongeza siku za maisha. Watu wote walizunguka mbuyu. Hakuna mwenye aliangalia mikoko.

Kisha misioni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, na makumbusho yao ni sehemu yenye imepangwa muzuri kuliko zote za Bagamoyo. Picha ziko, minyororo iko, maelezo yanasomeka. Hadithi yenye inasemwa ni ya ukombozi: mapadri walikomboa watumwa, wakawajengea kijiji cha Wakristo, wakawapa maisha mapya. Ni ukweli, na sitaki kuudharau. Lakini ni nusu. Watoto wenye walikombolewa walikaa chini ya sheria kali ya misioni, na walifanya kazi mu mashamba yake. Nilipopita chini ya minazi, nilijiuliza swali lenye kila agronomu anajiuliza mbele ya shamba kubwa: ni mikono ya nani ilichimba haya mashimo? Paul Kollman aliandika kitabu kizima juu ya hawa watoto na kijiji chao, kikatoka 2005. Kwa hiyo hakuna siri. Ni kusema tu kwamba programu imechagua mwisho mtamu wa hadithi, na ikaacha siku za kazi zenye zilifuata.

Palepale misioni kuko mnara wenye watu wote wanapiga picha. Mu mwezi wa pili 1874, maiti ya David Livingstone ililala pale usiku moja mbele ya kuvuka kwenda Zanzibar. Programu inapenda hii habari kabisa. Mimi naona inaisema kichwa chini. Livingstone alikufa siku ya 1 Mei 1873 kwa Chitambo, mu inchi yenye leo inaitwa Zambia. Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi karibu tisa mpaka baharini. Hii ni kazi ya watu wenye akili, wenye mpango, wenye kujua njia, kujua lugha, kujua kuzungumza na machifu wa kila fasi. Lakini mu programu, mwenye kufanya safari ni maiti, na wenye kutembea wamekuwa sanduku lake.

Tena kuko jambo lingine juu ya Livingstone lenye lingetugusa sisi Wakongomani, na hakuna mtu alilisema kwa sauti siku ile. Siku ya 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba, mu Maniema yetu. Alikuwa kwenye soko wakati watu wa wafanyabiashara toka pwani walifyatua bunduki juu ya wanawake wenye walikuja kuuza na kununua. Watu wengi walikufa, wengine kwa risasi, wengine mu maji. Barua zake juu ya ile siku zilisaidia kukaza mkono wa Uingereza juu ya Sultani, na 1873 Sultani Barghash akakubali kufunga masoko ya watumwa. Angalia namna mambo yanaungana: soko la Nyangwe linalia, na soko la Zanzibar linafungwa. Barabara ni moja. Lakini programu ya Bagamoyo inaishia kwenye mnara, na Nyangwe haina hata mstari.

Sasa jina. Kila gidi anakueleza Bagamoyo ni "bwaga moyo": mtumwa alifika pale, akaona bahari, akajua harudi tena, akaacha moyo wake. Inagusa, na watalii wanaandika. Lakini kuko maelezo mengine ya lile jina, yenye wazee wa Kiswahili wanajua vilevile: mpagazi alifika, akatua mzigo, akapumzika moyo. Kubwaga moyo ni kutulia. Haya maelezo mawili hayawezi kuwa na uzito sawa kwa kila mtu mwenye alipitaka mule, na hapo njo kuko kazi ya kufikiri. Watu wengi sana wenye walitembea ile barabara, zaidi sana Wanyamwezi, walikuwa wapagazi wa mshahara. Walijua bei yao, waligoma, walikimbia mkubwa mubaya na kutafuta mwingine. Mzigo wa mtu moja ulikuwa karibu kilo 30. Stephen Rockel aliandika juu yao mu kitabu chake cha 2006, Carriers of Culture, na ukikisoma huwezi tena kuona kila mweusi mwenye mzigo kama mtumwa. Na bandari kubwa ya kutoa watumwa toka bara ilikuwa Kilwa, kule kusini. Bagamoyo zaidi ilikuwa mji wa pembe za ndovu, wa nguo, wa sandarusi yenye ilichimbwa mu udongo wa Uzaramo na kwenda kufanya varnishi ng'ambo. Watumwa walipita, hakuna wa kukataa. Lakini kufanya mji wote kuwa kilio kimoja ni kuwanyang'anya wale wapagazi ushindi wao: walitoka mbali, walifika, walilipwa, walirudi kwao.

Gidi wa ile mara ya kwanza, kijana muzuri sana mwenye kusema vizuri, aliniuliza: "Wewe umetoka wapi, kaka?" Nikajibu: Kongo. Akacheka kwa upole: "Ah, nyinyi ndio mlikuwa mnaletwa hapa." Sikukasirika. Alisema kile programu ilimufundisha. Lakini lile neno "mnaletwa" lilinifuata mpaka Dar. Juu ukweli ni mugumu kuliko vile. Wakongomani waliletwa, ndiyo. Wengine walileta. Wengine walikuja wenyewe, wakabeba pembe kwa mshahara, wakajiita waungwana, wakajenga nyumba. Vijana wa Maniema walipewa bunduki na Tippu Tip, na walirudi kuchoma vijiji vya jirani zao. Wajukuu wa hawa wote, wenye waliumizwa na wenye waliumiza, leo wanakaa kwenye auditoire moja, wanasema Kiswahili kimoja. Ukiniambia "mnaletwa" tu, unanipa huruma, lakini unaninyima historia. Na mtu mwenye hana historia yenye uzito, hata siasa yake inakuwa nyepesi: kila ubaya umetoka inje, sisi hatukufanya kitu, ni wageni tu. Tunajua mu Kivu ile hotuba inatufikisha wapi.

Kisha chakula, programu inaingia mu Mji Mkongwe, na hapo mzungu anachukua nafasi yote. Boma ya 1897. Makaburi ya Wajerumani, yenye kusafishwa vizuri, na majina. Wajerumani walifanya Bagamoyo kichwa cha koloni yao mpaka 1891, kisha wakahamia Dar. Katikati ya pale, 1888 na 1889, Abushiri na watu wa pwani walisimama juu yao. Abushiri alinyongwa Pangani mu Desemba 1889. Bagamoyo kuko fasi yenye inaonyeshwa kama mahali pa kunyongea, na ukumbusho wake. Ile mara ya kwanza sisi tulisimama pale dakika tatu, na kwenye makaburi ya Wajerumani dakika kumi na tano. Niliangalia saa. Mimi sisemi makaburi ya mtu yafutwe. Nasema programu yenye inajua jina la kila askari mwenye alikufa na haijui hata jina moja la mwenye alinyongwa, haiko na haki ya kujiita historia ya Bagamoyo.

Na ile barabara? Barabara yenyewe njo kitu kikubwa cha Bagamoyo, na programu haina. Mu Caravanserai kuko maelezo ya misafara, lakini inaishia Ujiji, sawa vile ziwa Tanganyika ni ukuta. Hebu tuhesabu. Burton na Speke walitoka Kaole mu Juni 1857, wakafika Ujiji mu Februari 1858: karibu miezi nane. Stanley alitoka Bagamoyo mu Novemba 1874, akapita Nyangwe pamoja na Tippu Tip, akafuata mto, na siku ya 9 Agosti 1877 akatokea Boma, ile Boma yetu ya Kongo-Central. Mu Desemba 1889 alirudia Bagamoyo toka upande mwingine, baada ya kupanda Mto Kongo na kukata msitu wa Ituri, pamoja na Emin Pasha. Usiku wa karamu ya kuwapokea, Emin alianguka toka dirishani, karibu afe. Miaka mitatu baadaye aliuawa, na siyo pwani: mu Kongo. Kwa hiyo Bagamoyo na Boma ni milango miwili ya nyumba moja, na ile nyumba njo ilikuja kuitwa Kongo. Tippu Tip alikuwa na mashamba Kasongo, na 1887 Leopold alimfanya gavana wa Stanley Falls, njo kusema Kisangani. Mukongomani mwenye anatembea Bagamoyo anatembea kwenye veranda ya historia yake, na hakuna mwenye anamwambia.

Sasa mniruhusu niseme kama agronomu. Ile barabara haikubeba pembe na watu tu. Ilibeba mbegu. Mchele wa Maniema, ule wa Kasongo wenye tunausifu, ulifika na watu wa pwani. Miembe yenye unaona Ujiji na mu miji ya zamani ya waungwana upande wetu, nayo inafuata mulemule. Msafara wa watu mia tano unakula kila siku, na wenye kukaa kando ya njia wanalima juu ya kuuzia msafara. Njo soko la kwanza kubwa la chakula mu sehemu nyingi za mashariki ya Kongo. Mu masomo yetu ya iniversite, historia ya kilimo inaanza na Wabelgiji, na kilele chake ni INEAC, 1933, Yangambi. Mchele ulikuwa umeshaota Kasongo zamani sana mbele ya ile. Hakuna gidi alinionyesha mbegu hata moja kule Bagamoyo, wala mizani, wala kibaba. Minyororo iko, bunduki ziko, misalaba iko. Lakini walikula nini? Nani alilima? Ni mwanamke gani alitwanga? Makumbusho yenye haina chakula haijamaliza kazi yake.

Kitu chenye programu inaweka mwisho, ufuko, njo chenye ningeweka kwanza. Pale bandari bado inafanya kazi. Asubuhi mapema majahazi na ngalawa zinaingia, samaki wananadiwa kwa sauti, wanawake wanakaanga palepale mu makarai makubwa, mafundi wanagonga mbao za jahazi. Na ukiangalia maji yanavyokupwa, yanaenda mbali sana, unaelewa kwa macho juu ya nini Bagamoyo ilianguka: maji ni mafupi. Jahazi linaweza kukaa juu ya mchanga na kungojea maji kujaa. Meli ya moshi haiwezi. Dar iko na maji marefu. Wajerumani wakahama, kisha reli ikatoka Dar na kufika Kigoma 1914. Upande wetu, reli ya Matadi ilimalizika 1898 na kuvuta mizigo ya Kongo upande wa magharibi. Barabara ya miguu ikafa toka ncha zote mbili. Leo makontena yetu ya Kivu na Katanga yanarudi tena kupita Dar. Hiyo nayo ni somo la dakika kumi lenye linaweza kusemwa mbele ya maji, bure, bila tiketi.

Wengine watanijibu: "Ndugu, ni siku moja tu, unataka gidi aseme yote?" Jibu langu: hapana. Siku moja ni ndogo, na magidi wanapata mkate wao kwa kusema kile mtalii alikuja kusikia. Siwatupii mawe. Lakini siku ndogo njo inaomba kuchagua kwa akili. Kama ni mimi ninapanga, ningepunguza fasi. Saa moja asubuhi ufukweni, mpaka saa tatu. Kisha Caravanserai, na pale umuulize gidi wazi: "Ng'ambo ya Ujiji walienda wapi?" Kama hajui, mwambie wewe: Kasongo, Nyangwe, Kisangani. Saa sita misioni, na kwenye mnara mtaje Chuma na Susi mbele ya kumtaja Livingstone. Kisha Kaole, na mikoko. Boma na makaburi ya Wajerumani, unayapita kwa nje. Mahali pa kunyongea, unasimama. Kwenye kila mlango uliza kama kuko bei ya watu wa Afrika Mashariki, juu inchi yetu iliingia mu Jumuiya 2022, na wengi wetu bado wanalipa kama watu wa Ulaya bila hata kuuliza.

Na mbele ya kwenda, soma kitu. Hata kurasa ishirini. Barabara ya misafara toka Bagamoyo mpaka Ujiji iko mu orodha ya kungojea ya UNESCO tangu 2006. Upande wetu wa ziwa, Nyangwe na Kasongo, ni watu gani wamekaa kuandika kilomita zetu? Serikali itasema haina pesa. Sawa. Lakini mwanafunzi wa historia mwenye kutafuta suje ya memware, mwanafunzi wa agronomi mwenye kutaka kufuata mchele toka pwani mpaka Lualaba, hawa wako kati yetu, na wanatafuta kila mwaka suje mpya wakati hii inalala inje.

Jioni ukirudi Dar, usiende moja kwa moja kulala. Pita Kariakoo. Kuko msikiti pale wenye watu wanauita Msikiti wa Manyema. Hauko mu programu yoyote ya Bagamoyo. Uangalie tu lile jina juu ya mlango, kisha ukanunue chapati yako uendelee.